Daftari la Miti ni Wajibu wa Mwenye Kiwanja

Tawi la muembe likiangukia paa la darasa, hakuna anayeuliza muembe ule ulipandwa na nani. Linaloulizwa ni nani aliyepaswa kuukagua. Gazeti hili linajibu bila kuzunguka: mwenye kiwanja. Awe bodi ya shule Jinja, kamati ya msikiti Mbale, parokia, au tajiri mwenye nyumba za kupangisha, wajibu ni huo huo.

Ukaguzi wa miti si kutembea uwanjani mikono mfukoni. Bwana miti aliyesomea kazi yake, na Uganda inawafundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo cha Misitu cha Nyabyeya, huupa kila mti namba, huandika aina yake daftarini, na hupima kipenyo cha shina kwa usawa wa kifua. Kisha huinama. Hutazama uyoga uliochipua shinani, njia za mchwa, ufa kwenye panda. Hugonga shina kwa nyundo na kusikiliza kama ndani kuna uwazi. Mara nyingi kosa hulikuta ardhini: mtaro wa bomba la maji uliokata mizizi ya upande mmoja, au zege lililomwagwa mpaka likalibana gome. Mti wa namna hiyo huweza kuwa na majani ya kijani kabisa.

Badala yake viongozi wetu humwita mwenye msumeno. Hilo ni kosa, tena la makusudi. Anayelipwa kwa mbao hawezi kuwa hakimu wa mti. Mpeleke mbele ya mvule wowote uliobaki Busoga naye atakuambia ni hatari, ukatwe leo. Na kinyesi cha korongo wanaotua mtini, kikidondokea gari la mwenyekiti, tuseme pia, si ugonjwa wa mti wala sababu ya kuukata.

Mbale haina kisingizio kabisa. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua zaidi ya watu 20. Mwenye kiwanja kando ya mito hiyo ana mzigo mara mbili: mti ambao maji yameufukua mizizi unaweza kuanguka, lakini ukiukata ovyo unauacha ukingo bila cha kuushika. Upi upunguzwe matawi, upi ung'olewe, upi upandwe mahali pake? Hayo hayaamuliwi kwa woga wa siku moja. Jinja nako, kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 100 kutoka ukingo wa Nile na mita 200 kutoka ufuko wa Ziwa Victoria. Msumeno usiwashwe humo kabla mamlaka hazijaulizwa.

Sheria ya misitu ya mwaka 2003 iliweka huduma za misitu wilayani. Basi mlango wa kubisha upo. Wanaosema gharama ya ukaguzi ni kubwa hawaoni uzito kujenga geti jipya kila baada ya miaka michache.

Mvua kubwa huanza Machi. Bodi itakayofika mwezi huo bila daftari la miti yake, lenye tarehe na sahihi ya mtaalamu, iwaite wazazi na waumini na kuwaeleza kwa nini.