Raha ya wiki moja, jasho la nani?

Hatupingi mapumziko. Tunachopinga ni raha isiyouliza nani anaitolea jasho.

Tangu Januari 2024 meli ya Icon of the Seas huondoka Miami kwa safari za wiki moja katika bahari ya Karibi. Ina ghorofa 20, mabwawa 7 ya kuogelea, na hubeba abiria hadi 7,600. Wanaowahudumia ni wafanyakazi 2,350 hivi. Kampuni ina makao yake Miami, lakini meli hupeperusha bendera ya Bahamas, na sheria ya kazi melini hufuata bendera. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unaruhusu saa 14 za kazi kwa siku na saa 72 kwa wiki. Yaani wiki ile ile abiria anapojinyoosha juani, anayemtandikia kitanda anaweza kufanyishwa kazi saa 72, na hakuna sheria iliyovunjwa!

Tutaambiwa, "Wamekubali wenyewe." Mwenye shida hukubali mengi. Je, hilo linayafanya kuwa haki?

Na tusiwanyooshee kidole wa mbali tu. Dada wa kazi nyumbani kwetu, yeye hupumzika saa ngapi?