Kilo Ngapi Zimeingia Ziwani?

Mkaguzi anafika kwenye bomba la majitaka la kiwanda, anachota chupa moja, anaibandika lebo na kuipeleka maabara. Siku tano baadaye jibu linarudi: 30. Kanuni za Tanzania za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinaruhusu miligramu 30 kwa lita za kipimo kinachoitwa BOD, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu kwa siku 5 katika nyuzi 20 za Selsiasi. Kiwanda kimefaulu, faili linafungwa.

Sisi tunasema faili hilo lisifungwe. Namba hiyo haijamjibu mvuvi anayekaa mwaloni na kuuliza jambo moja tu: leo wamemwaga kiasi gani?

Hesabu yake haihitaji shahada. Miligramu moja kwa lita ni sawasawa na gramu moja kwa mita ya ujazo. Zidisha ukolezi kwa mita za ujazo zilizotoka kwa siku, gawa kwa 1,000, umepata kilo. Tuchukue mfano, wa kubuni lakini unaowezekana popote kando ya Ziwa Victoria. Kiwanda cha minofu ya sangara kinatoa mita za ujazo 400 kwa siku, na kila lita imebeba miligramu 120 za BOD. Hizo ni kilo 48, na kikomo kimevukwa mara nne. Meneja anaweza kujenga mabwawa ya kutibu majitaka, kazi ya miezi na fedha nyingi. Anaweza pia kuwasha pampu ya pili, akavuta mita 1,200 za maji ya ziwa na kuyamimina ndani ya bomba lile lile kabla ya mahali pa kuchotea sampuli. Sasa zinatoka mita 1,600, na ukolezi umeshuka hadi 30 kamili. Kilo ni zile zile 48. Amezimua tu, hajasafisha chochote.

Jirani yake amenunua mitambo inayobana matumizi ya maji. Anatoa mita 100 kwa siku, zenye miligramu 60 kwa lita. Piga hesabu: kilo 6. Huyu ndiye atakayeandikiwa faini, na yule wa kilo 48 atapewa barua ya pongezi. Sheria inayopima chupa peke yake inamwadhibu aliyebana maji na kumlinda aliyeyafuja. Hatuwezi kuikubali.

Ziwa halisomi ukolezi uliomo bombani. Linapokea kilo, nalo Victoria lina sababu yake ya kuziogopa. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mvua, na sehemu kubwa huondoka kwa mvuke. Kinachotoka Jinja kwa njia ya Nile ni kidogo kulinganisha na kinachonyonywa na jua. Mvuke hupanda bila kubeba fosforasi iliyoletwa na majitaka. Uchafu wa damu na mafuta ya samaki angalau huoza ukaisha, ingawa huisha kwa kula hewa ya samaki walio hai. Fosforasi haiozi. Inabaki majini na kwenye tope la chini, ikilisha mwani na magugumaji yanayoziba njia za mitumbwi katika Ghuba ya Winam upande wa Kenya na katika ghuba zetu upande wa Mwanza. Kila anayezimua bombani anategemea ziwa limfichie, na ghuba ambazo maji yake hayabadiliki upesi haziwezi kuficha.

Hatusemi kikomo cha ukolezi kifutwe. Samaki walio karibu na mdomo wa bomba huuawa na ukolezi, na mama anayechota maji mita hamsini kutoka hapo anahitaji ulinzi huo. Tunachotaka ni vipimo vyote viwili kwenye kibali kimoja. Japani ilifanya hivyo tangu 1978, ilipobadilisha sheria yake na kuweka ukomo wa jumla ya uchafu kwa Ghuba ya Tokyo, Ghuba ya Ise na Bahari ya Seto, baada ya kuona kwamba viwanda vilitimiza kiwango kimoja kimoja huku bahari ikiendelea kufa. Marekani nayo hutaka vibali vya majitaka, kwa uchafu mwingi, vitaje uzito na si ukolezi peke yake. Hatuombi jambo la ajabu.

Kuna tatizo la saa pia. Chupa moja husema habari za dakika moja. Saa tatu asubuhi bomba linatoa mita 20 kwa saa, zenye miligramu 20 kwa lita. Usiku sakafu zinaoshwa, matangi yanafunguliwa, zinatoka mita 200 kwa saa zenye miligramu 200. Mkaguzi aliyekuja asubuhi ataandika 20. Aliyejitahidi akaja mara mbili atajumlisha, atagawa kwa mbili na kuandika 110. Naye amekosea, kwa sababu maji ya usiku ni mara kumi ya yale ya asubuhi. Ukiupa kila ujazo uzito wake, wastani wa kweli ni karibu 184. Sampuli ichukuliwe kwa saa 24, kidogo kidogo, kwa kadiri maji yanavyotoka, na mkaguzi asipige simu kwanza kuuliza kama meneja yupo.

Neno jingine la kuangaliwa kwenye ripoti ni "haikuonekana". Kikomo cha zebaki kwenye majitaka ni miligramu 0.005 kwa lita. Chombo cha maabara kikianza kuona kwenye 0.01, zebaki inaweza kufika karibu mara mbili ya kikomo na ripoti bado ikasema haikuonekana. Katika ukanda wa dhahabu, ambako wachimbaji wadogo bado wanakamatia dhahabu kwa zebaki, neno hilo lisipokelewe bila namba ya chini kabisa ambayo chombo kinaweza kuiona.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na magugu yaliyooza. Wananchi wengi hawakukubali. Hatulifufui shauri hilo hapa. Tunasema tu kwamba ugomvi wa namna hiyo hutulizwa na daftari: kijito hiki kimeleta kilo ngapi, bomba lile kilo ngapi, siku kwa siku, limeandikwa kabla ya samaki kufa na linasomeka na yeyote. Viwango navyo vizungumzwe na majirani. Kanuni za Kenya za 2006 zilitaka chembe ngumu zinazoelea kwenye majitaka zisizidi miligramu 30 kwa lita, na zetu za 2007 ziliruhusu 100. Ziwa ni moja.

Tutaambiwa mita za kupimia mtiririko ni ghali. Ipo njia ya bati na rula. Ziba mtaro wa kiwanda kwa bati lililokatwa pengo la pembe mraba lenye umbo la V, ncha ikiwa chini, kisha pima nyuma yake maji yamesimama juu ya ncha hiyo kwa kiasi gani. Sentimita 10 ni karibu lita 4.4 kwa sekunde, yaani takriban mita za ujazo 380 kwa siku. Baraza la mazingira, NEMC, na bodi ya maji ya bonde waamuru bati hilo liwekwe kwenye kila mtaro unaoelekea ziwani, na vipimo vyake vibandikwe ofisi ya kata na mwaloni kila wiki. Kile kiwanda chetu cha mfano kingesoma sentimita 10 kila siku. Siku pampu ya pili ikiwashwa, maji yangepanda hadi karibu 18, na mlinzi wa zamu ya usiku angeweza kuyaandika kwa penseli.