MAJI YA KUFULIA YAENDE WAPI?



Zamani tulifua mtoni. Maji yalikwenda zake, wala hakuna aliyeuliza yanakwenda wapi. Kisha bomba likafika kijijini. Mama hatembei tena mwendo mrefu na furushi la nguo kichwani. Hayo ni maendeleo. Lakini tulipohamishia kazi ya kufua nyumbani, mto haukuhama pamoja nasi. Maji machafu yamekosa njia.

Tazama nyuma ya nyumba zetu. Utaona dimbwi jeusi linalonuka. Watoto wanalichezea. Jirani wa bondeni amenuna, kwa sababu maji ya mwenzake yanaingia uani kwake.

Katika maji machafu kama hayo hutaga mbu aitwaye kuleksi. Yeye ni mmoja wa mbu wanaoeneza matende na mabusha. Maji safi yanayomwagika bombani, yakituama, huweza kumzaa anofelesi, mbu wa malaria. Yai huwa mbu kamili kwa muda wa wiki 1 hadi 2 hivi. Dimbwi likikaa hapo, tunafuga mbu wenyewe.

Wazee wangu na mama zangu, sisemi haya kwa kujiona. Mimi, mganga msaidizi mwenye cheti, nilijenga karo la kufulia nikaelekeza maji kwenye shimo la choo. Niliona nimepata njia rahisi. Masika yalipofika, choo kilijaa kikafurika. Nilijifunza kwa aibu. Maji ya kufulia yasiingizwe katika choo cha shimo.

Fanya hivi. Chagua mahali pa chini kuliko karo, mbali na nyumba. Pawe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na pasiwe upande wa juu wa kisima. Chimba shimo la mita 1 kwa mita 1, kina chake mita 1 na nusu. Mwaga ndoo ya maji ndani yake. Yakinywewa, endelea. Yasiponywewa, udongo huo ni mfinyanzi. Tafuta mahali pengine.

Jaza shimo mawe au vipande vya matofali ya kuchoma. Chimba mfereji kutoka kwenye karo. Kila mita 1, mfereji ushuke kama sentimita 2, maji yasisimame njiani. Mwisho wa mfereji weka kopo lililotobolewa, lenye nyasi ndani. Nyasi zitanasa nyuzi na povu la sabuni, ambavyo huziba shimo. Badili nyasi kila wiki. Kisha funika mawe kwa majani makavu na udongo, mbu asipate pa kuingia.

Je, kazi hii ni ya nani? Wanaume wengi husema kufua ni kazi ya wanawake, basi na maji yake ni yao. Mimi sikubali. Shati analofua mama ni la baba. Mbu naye hachagui wa kumuuma. Baba, shika jembe. Kwa kaya moja ni kazi ya siku 2 tu. Kwenye bomba la kijiji, tufanye kwa pamoja, na serikali ya kijiji isimamie.

Zahanati itakupa dawa ukiugua. Lakini dimbwi lililo nyuma ya nyumba yako haliwezi kutibiwa zahanati. Tiba yake ni jembe lako.

Kinga ni bora kuliko tiba.