Oili Haimwagwi, Hukingwa

Liko neno linalosikika hapa Bujumbura kila mtu anapobadilisha oili ya gari lake uani na kuiacha ichirizike hadi mtaroni: "Ni kidogo tu." Neno hilo napenda kulipinga hadharani, kwa maana limekuwa kibali cha kuchafua bila kuona haya.

Injini ya gari dogo huchukua kiasi cha lita 4. Hicho ndicho "kidogo" kinachosemwa, nacho hurudiwa kila baada ya miezi michache, ua kwa ua. Mji wetu umekaa kwenye mteremko baina ya milima na Ziwa Tanganyika. Mvua ikinyesha, kilichomwagwa uani hufuata mtaro, mtaro huingia Ntahangwa au Muha, na mito hiyo huishia ziwani. Huko ndiko REGIDESO inakovuta sehemu kubwa ya maji ya bomba ya mji huu, na ndiko watokako ndagala na mukeke. Aliyemwaga oili mtaroni ameiweka njiani kurudi jikoni kwake.

Wako watakaosema kwamba ziwa ni kubwa. Ni kubwa kweli, kina chake kinafika mita 1,470. Lakini mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Chembe za chuma zilizosagika ndani ya injini na kuchanganyika na oili hazigeuki mvuke. Nayo oili huelea, ikasukumwa na upepo hadi ufukweni, pale pale watoto wanapooga.

Wengine watanyoosha kidole kuelekea viwandani. Sivitetei viwanda. Lakini mkataba wa kulitunza ziwa hili, uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, umeweka kanuni kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Mwenye kumwaga dumu zima mtaroni atapata wapi uso wa kumdai mwenye kiwanda?

Nadhani hata lugha imetuponza. Mafundi husema "kumwaga oili", na mwanafunzi akilisikia hudhani kwamba kazi yenyewe ni kumwaga. Sivyo. Kitenzi kinachofaa ni kukinga, kama tunavyokinga maji ya mvua kwa ndoo. Anayekinga huweka chombo kwanza.

Basi tukinge. Gari lisimame mahali tambarare, na kama limeinuliwa liegemee vishikizo imara. Jeki peke yake isiaminiwe kamwe. Injini iwe ya uvuguvugu: oili baridi huganda na kubaki ndani, ya moto sana huunguza mkono, na mkono ulioungua huangusha kila kitu. Tandika boksi kuukuu, juu yake uweke karai pana lenye kupokea zaidi ya oili yote iliyomo. Hapo ndipo wengi hukosea. Oili haidondoki wima. Mwanzoni huruka mbele kwa nguvu, kisha mkondo hurudi nyuma kadiri inavyopungua, kwa hiyo karai lisogezwe kuufuata. Bolti ukishailegeza kwa spana, imalizie kwa vidole huku ukiisukuma juu, kana kwamba unataka kuirudisha. Ukihisi meno yameachana, iondoe kwa mara moja, upande usiopitiwa na mkondo. Asiyejua hili huiacha bolti itumbukie karaini, akaifuata kwa mkono mzima, na karai likapinduka.

Chujio nalo limejaa oili. Likingiwe karai, ligeuzwe mdomo juu mara litokapo. Tazama kama mpira wake wa zamani haukunata kwenye injini, kwa sababu mipira miwili ikikutana oili itavuja gari likiwashwa. Kilichodondoka kifunikwe kwa mchanga au unga wa mbao, kikusanywe kikiwa kikavu. Kukiosha kwa maji na sabuni ni kukisafirisha tu.

Oili chafu itiwe katika dumu, au bidoni kama wasemavyo wengi hapa, lenye kifuniko cha kukaza na maandishi yanayosomeka. Usitumie chupa ya kinywaji, maana mtoto hajui kilichomo. Usiichanganye na petroli wala maji, kwani ikichanganywa hakuna atakayeitaka.

Kisha lipeleke kwa yule aliyekuuzia oili mpya, umuulize atalipokea au hapana. Akikataa, muulize kwa nini anapokea fedha yako kwa lita 4 zinazoingia injini lakini hazijui zile 4 zinazotoka. Muulize mbele ya wateja wengine.