Valentino na Waombolezaji Wake

Kila mwaka, tarehe 23 Agosti, saa sita na dakika kumi mchana, watu hukusanyika katika makaburi ya Hollywood, jimbo la California, kumkumbuka mtu ambaye yamkini hakuna hata mmoja wao aliyepata kumwona akiwa hai. Mtu huyo ni Rudolph Valentino, mchezaji wa sinema bubu, aliyezaliwa Castellaneta, kusini mwa Italia, tarehe 6 Mei 1895, akafa New York mwaka 1926, umri wake miaka 31. Mwaka 2026 ni wa mia tangu kufa kwake, na popote jina lake linapotajwa, la kwanza kusemwa ni kwamba alikuwa mzuri wa sura, na la pili ni kwamba alikufa kijana. La tatu husemwa mara chache. Nataka kudai katika kurasa hizi kwamba kumbukumbu ya namna hii, pamoja na mapenzi yote yaliyomo, ni dhuluma kwa marehemu. Na kwamba wanaomlilia kwa ajili ya uso wake ni ndugu wa tumbo moja na wale waliomcheka kwa ajili ya uso huo huo.

Na tuanze na waliomcheka. Tarehe 18 Julai 1926 gazeti la Chicago Tribune lilitoa tahariri isiyo na jina la mwandishi. Bwana huyo alikuwa amepata habari za choo cha wanaume katika jumba jipya la dansi mjini humo, ambamo ilitundikwa mashine ya kutolea poda ya rangi ya waridi. Kutokana na poda hiyo alifanya hesabu ya ajabu: ya kuwa wanaume wa Marekani wamelegea, ya kuwa aliyewalegeza ni Valentino, na ya kuwa ingalikuwa heri kama mtu angalimtosa majini kimya kimya miaka mingi kabla. Mantiki kama hiyo, ikiletwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hurudishiwa mwenyewe na wino mwekundu. Walakini ilichapishwa katika gazeti kubwa, na watu wazima wakaisoma kwa furaha.

Haikuwa poda iliyomuudhi mwandishi yule. Mwaka 1924 Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kupunguza sana wahamiaji kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya, na Waitalia walikuwa miongoni mwa waliofungiwa mlango. Waitalia wawili, Sacco na Vanzetti, walikuwa gerezani wakingoja kuuawa. Waliuawa tarehe 23 Agosti 1927, siku ile ile Valentino aliyotimiza mwaka kaburini. Katika nchi yenye hali hiyo, Mwitalia mweusi wa nywele, mvaa bangili aliyopewa na mkewe, akapendwa na wanawake kuliko wenyeji wa nchi! Mwandishi wa tahariri hakusahau kumwita kwa jina lake la Kiitalia, ili msomaji aelewe vema ni nani anayetukanwa.

Valentino alikasirika, na akajibu kwa njia ambayo mimi naisikitikia. Alimwita mwandishi yule hadharani waje wapigane ngumi. Mwandishi hakujitokeza. Akajitokeza mwandishi mwingine wa habari za ngumi, wakapigana juu ya dari ya hoteli mjini New York, na aliyekwenda chini ni mwandishi. Wengi husimulia kisa hiki kwa kumsifu Valentino. Lakini mtu anayethibitisha kwa ngumi kwamba yeye ni mwanamume amekwisha kukubali kuwa swali aliloulizwa lilistahili jibu. Jibu lilikuwa limekwisha kutengenezwa, nalo lilikuwa ndani ya makopo ya filamu. Nitalieleza mbele kidogo.

Wiki tano baada ya tahariri ile alikuwa maiti. Tarehe 15 Agosti alianguka katika hoteli yake, akapasuliwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo vilivyokuwa vimetoboka. Uambukizo ukaenea tumboni, kisha ukafika mapafuni. Dawa ambayo pengine ingalimsaidia haikuwako: penisilini ilivumbuliwa London mwaka 1928. Alikufa baada ya siku nane.

Hapo wakaingia waombolezaji. Watu wapatao 100,000 walijaa mitaani karibu na jumba alimolazwa maiti. Vioo vya madirisha vikavunjwa, polisi wa farasi wakaingia katikati ya umati, watu wakajeruhiwa. Mchezaji wa sinema Pola Negri, aliyesema kwamba walikuwa wachumba, alizimia mbele ya jeneza, na inasimuliwa kwamba alileta tandiko kubwa la maua mekundu lililoandikwa jina kwa maua meupe: jina lake yeye, si la marehemu. Kisha maiti ikapakiwa katika gari la moshi, ikavushwa bara zima, ikazikwa kwa ibada ya pili huko California. Filamu yake ya mwisho, The Son of the Sheik, ilitolewa kwa watu wote mwezi wa Septemba, majuma mawili tu baada ya kifo. Wenye filamu hawakuhitaji kuitangaza sana.

Simlaumu mtu kwa kulia. Msichana wa kiwandani ambaye kwa senti chache aliona kila Jumamosi uso uliomtazama kwa upole, ambao hakuupata nyumbani wala kazini, alikuwa na haki ya machozi yake, na mcheshi anayemdhihaki namwona mtu wa roho ndogo. Lawama yangu ni kwa wenye kalamu. Wao walikuwa na wajibu wa kutuambia mtu yule alifanya nini, nao wamekaa karibu miaka mia wakitupimia pua na macho yake.

Sisi tusomao Kiswahili tuna neno letu la kudai katika kesi hii. Filamu iliyompa sifa dunia nzima ni The Sheik ya mwaka 1921, iliyotokana na riwaya ya mwanamke Mwingereza, E. M. Hull. Ndani yake Valentino ni Ahmed, Mwarabu wa jangwani anayemteka mwanamke wa Kiingereza. Jangwa hilo lilikuwa mchanga wa California. Na mwishoni, mapenzi yalipokuwa hayana budi kuhalalishwa, mtazamaji anaambiwa kwamba Ahmed si Mwarabu hata kidogo: baba yake Mwingereza, mama yake Mhispania, naye aliokotwa mtoto akalelewa na mzee Mwarabu. Basi Mwarabu alitakiwa kwa ajili ya kuteka na kuogopesha. Ilipofika zamu ya kupendwa, aliondolewa akaletwa mzungu. Kwetu shehe ni mtu wa elimu na umri, mwenye kusomesha na kutafutwa kwa shauri. Katika Kiingereza cha Marekani cha miaka ile neno hilo likageuka kuwa jina la kijana mpaka mafuta nywelani, mwinda wasichana. Nawaomba wanaoisifu filamu hiyo kuwa kilele cha Valentino waitazame tena. Macho yanatolewa, meno yanaonyeshwa, mikono inatupwa huku na huko. Ni kazi mbaya katika hadithi mbaya zaidi. Kama huyo ndiye Valentino wote, basi wacheshi wana haki, na mithali yetu ya mkakasi, uzuri nje na ndani kipande cha mti, imempata mtu wake.

Lakini mithali hiyo humtaka mtu afungue mkakasi kwanza. Mwaka ule ule wa 1921, kabla ya The Sheik, ilitolewa The Four Horsemen of the Apocalypse. Kijana aliyefika New York mwaka 1913, akatunza bustani, akatumikia mezani, akacheza dansi na wanawake kwa malipo, kisha akapewa Hollywood vijisehemu vya watu waovu kwa kuwa sura yake ilikuwa ya kigeni, alichaguliwa kuwa Julio kwa ajili ya mwandishi mmoja wa hadithi za sinema, mwanamke aitwaye June Mathis, aliyeona katika moja ya vijisehemu vile kitu ambacho wakubwa wa kampuni hawakukiona. Tazama anavyocheza dansi ya tango katika kilabu cha Buenos Aires. Wachezaji wengi wa wakati ule walidhani kwamba, kwa kuwa sinema haina sauti, lazima mwili upige kelele. Yeye anatembea polepole, anasimama, anageuza bega tu, na chumba kizima kinamfuata. Utulivu ule ni elimu, aliyoipata usiku baada ya usiku katika kumbi za dansi kwa ajili ya mkate wake.

Tazama pia The Eagle ya mwaka 1925, iliyotokana na hadithi ya Pushkin, mshairi wa Urusi ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika. Hapo Valentino ni askari, kisha mnyang'anyi mwenye barakoa, kisha mwalimu wa uongo wa Kifaransa, na kila mara anabadili mwendo wa miguu kabla ya kubadili nguo. Na anachekesha! Anajicheka mwenyewe, uzuri wake akiufanyia mzaha, jambo ambalo mtu mwenye kujipenda hawezi. Katika The Son of the Sheik alicheza watu wawili, baba na mwana, wakisimama pamoja katika picha moja. Na ukimtazama baba, mzito wa shingo, mwenye hasira iliyokwisha kuzeeka, huna haja ya kuambiwa ni yupi. Hili ndilo jibu ambalo angalipaswa kumwelekeza mwandishi wa Chicago badala ya ngumi.

Kadhalika waombolezaji hupenda kupita haraka juu ya mwaka 1922. Mwaka huo, akiwa katika kilele cha sifa, aligoma. Alilalamika juu ya malipo yake, lakini alilalamika pia juu ya kazi: kwamba Blood and Sand, hadithi ya mpigana na mafahali wa Hispania, aliahidiwa itapigwa picha Hispania, ikapigwa uwanjani Hollywood, kwamba hana sauti katika uchaguzi wa waongozaji na hadithi. Kampuni ikaenda mahakamani, akazuiwa kufanyia kampuni nyingine yoyote, na mwaka 1923 yeye na mkewe, Natacha Rambova, wakazunguka nchi wakicheza dansi kwa kutangaza udongo wa kupaka usoni ili wapate riziki. Mtu aliyefurahia kuwa uso tu angalibaki kazini akachukua mshahara. Magazeti yalimlaumu mke kwamba amempotosha, na vitabu kadha vimerithi lawama hiyo bila ya kuichunguza, kana kwamba mume mzuri wa sura hawezi kuwa na rai yake mwenyewe.

Wako wanaosema, na husema kama watu wenye hekima, kwamba kifo kilimfanyia hisani: sinema yenye sauti ilianza kushika mwaka 1927, naye kwa matamshi yake ya kigeni angalichekwa akaporomoka. Ni kweli kwamba John Gilbert, mpenzi mwingine wa watazamaji, aliporomoka. Lakini Greta Garbo alikuwa Msweden, na aliposema mara ya kwanza katika Anna Christie mwaka 1930 sifa yake iliongezeka. Tena sauti ya Valentino si siri, kwa maana mwaka 1923 aliimba nyimbo mbili zikatiwa katika sahani za santuri, na ye yote anaweza kuzisikiliza. Si mwimbaji mkubwa, lakini si mtu wa kuchekwa. Maneno haya ya hisani ya kifo yananichukiza kuliko tahariri ya poda. Mtu wa miaka 31, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuchekesha, kifo kilimnyima miaka thelathini ya kazi. Anayeita hilo hisani anafikiri kwamba mtu mzuri hana haki ya kuzeeka.

Na huku maua yakiletwa kila Agosti, filamu zenyewe zimepatwa na nini? Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba, katika filamu ndefu za bubu karibu 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, ni kama 14 kwa 100 tu zilizosalia katika hali yake ya asili. Nyingine ziliungua, nyingine zilioza, nyingine zilitupwa na wenye mali walioona zinachukua nafasi. Za Valentino hazikusalimika zote. Uncharted Seas ya 1921 haipo. A Sainted Devil ya 1924, iliyomrudisha Argentina ya hadithi na dansi yake, haipo. Wakati waandishi walipokuwa wakibishana kama alimpenda Pola Negri au hakumpenda, utepe ulikuwa ukigeuka unga katika ghala. Mwanafunzi atakaye leo kumpima mchezaji huyu kwa haki hawezi kuona kazi yake yote, bali anaweza kupata picha elfu za uso wake.

Kaburi analotembelewa halikuwa lake. Ni nafasi ya ukutani ambayo June Mathis aliitoa kwa muda, maana marehemu hakuwa na mahali pa kuzikwa. Mathis mwenyewe akafa mwaka 1927, akawekwa kando yake, na hapo wapo hata leo, jiwe kwa jiwe. Sijui kama wenye maua husoma jina la pili. Mathis ndiye aliyeandika Blood and Sand kwa ajili ya sinema, na ndiye aliyeandika The Young Rajah ya mwaka 1922, ambayo kwa muda mrefu ilidhaniwa imepotea kabisa. Vimepatikana vipande vyake, na mapengo yamezibwa kwa picha zisizotembea: Valentino amesimama, Valentino ameketi, Valentino ametazama pembeni, na katikati ya picha na picha hakuna kitu.