Abdelaziz alisubiri kura mpaka akafa

Viongozi wetu wakishika kipaza sauti hupenda kusema Afrika yote ni huru. Jamani, si yote! Sahara Magharibi bado. Kila nikisikia kauli hiyo namkumbuka Mohamed Abdelaziz.

Huyu bwana alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Polisario, chama kilichoundwa 1973 kumng'oa Mhispania. Mhispania akaondoka, lakini Moroko na Mauritania wakagawana nchi. Mahakama ya Kimataifa ilikwishasema Oktoba 1975 kwamba wenyeji wana haki ya kujiamulia mambo yao. Nani alijali? Juni 1976 kiongozi wao, El-Ouali Mustapha Sayed, akauawa vitani. Agosti Abdelaziz akashika nafasi yake.

Mwaka 1991 akakubali kusimamisha vita. Umoja wa Mataifa uliahidi kura ya maoni Januari 1992: uhuru, au kubaki chini ya Moroko. Ukaanza ubishi wa nani ana haki ya kupiga kura, na miaka ikayoyoma. Abdelaziz alifariki 31 Mei 2016 akiwa bado anasubiri.

Wapo wanaomlaumu: miaka 40 madarakani, chama kimoja, huku watu wakizeeka kambini Tindouf, Algeria. Mimi naona lawama hiyo ni ya haki. Ving'ang'anizi wa madaraka tunawajua, na kuishi ukimbizini si kisingizio. Ila tusichanganye mambo. Hata angempisha mwingine mapema, ufunguo wa sanduku la kura haukuwa mfukoni mwake. Ushahidi upo: Brahim Ghali alimrithi Julai 2016, na kura haijapigwa mpaka leo. Novemba 2020 Polisario wakarudi vitani.

Kinachoniuma zaidi ni sisi wenyewe. Tanzania iliitambua Jamhuri ya Wasahrawi mwaka 1978. Mwaka 1984 kule Addis Ababa, Moroko ilipojitoa OAU kwa hasira kwa kuwa Wasahrawi wamepewa kiti, aliyechaguliwa mwenyekiti katika mkutano huo alikuwa Mwalimu Nyerere. Mwaka 2017 Moroko ikarudi kwenye Umoja wa Afrika bila kuondoka Sahara. Tukaipokea.

Sasa nikuulize, msomaji wangu. Kijana wa Kisahrawi aliyezaliwa kambini akitaka kujua kuweka silaha chini kulimpatia nini babu yake, sisi Waafrika tutamjibu nini?