Nani kasema mkimbizi hanywi kakao?



Tunaandika kwa sababu ya maneno yanayozunguka kambini Dzaleka tangu mwezi wa sita. Watoto wanaokuja kujisomea jioni kwenye ukumbi wetu tunawapa kikombe kimoja cha kakao ya moto, Jumanne na Alhamisi. Mtu akapiga picha, akaituma kwenye magrupu, basi ikawa kesi. Ati vijana wameanza maisha ya watalii. Ati mfadhili akiona watoto wa wakimbizi wanakunywa chokleti, atasema hawa hawana shida, atakata tena. Jumamosi hii kuna kikao cha wazazi, na tumesikia wengine watasimama kuomba kikombe kile kifutwe. Sisi tunasema hapana. Msome mpaka mwisho halafu mje mtuhukumu.

Tuanze na baridi yenyewe. Watu wa mbali wakisikia Afrika wanawaza jua tu. Sie tunakaa juu, nyanda za Dowa, na mwezi wa sita na wa saba upepo wa hapa hauna huruma. Nyumba zetu nyingi ni matofali ya udongo, dirisha ni plastiki, mlango una nafasi chini ya kupitisha kuku. Mtoto anafika ukumbini saa kumi na mbili jioni na kandambili, sweta ya mtumba aliyoachiwa na kaka yake. Mtoto anayetetemeka hashiki kalamu vizuri. Hilo halihitaji mtaalamu, kaa naye dakika kumi utaona.

Mtasema basi mpeni chai. Tulitoa chai mwanzoni. Chai ni nzuri, na Malawi wanailima wenyewe kule Thyolo na Mulanje. Lakini chai ya rangi ni maji na sukari, nusu saa tu tumbo linalia tena. Kakao ukiipika na karanga au unga wa mahindi inakaa tumboni. Tena kafeini yake ni kidogo kuliko ya chai, mtoto akirudi nyumbani analala.

Sasa lile neno linalotuuma zaidi: "hicho ni kinywaji cha wazungu."

Jamani. Muulizeni mtu yeyote aliyetoka Beni, Oicha, Mangina au Mambasa. Kakao inakatwa na panga, tunda linapasuliwa, ndani kuna mbegu zenye nyama nyeupe tamu ambayo watoto wanainyonya. Mbegu zinafunikwa siku tano, sita, saba mpaka zichachuke, halafu zinaanikwa juani kwenye turubai. Ukipita na pikipiki harufu yake inakufuata barabara nzima. Hizo ada za shule za ndugu zetu zilitoka humo. Na tangu mauaji ya Beni yaanze Oktoba 2014, mashamba hayo hayo ndiyo watu wanauawa ndani yake. Mkulima anakimbia, wenye silaha wanabaki na mavuno. Humu kambini kuna watu walioacha kakao imeiva juu ya mti. Leo mtu huyo unamwambia kakao si yake, ni ya watalii?

Na wengi wetu tulikuja kwa njia ya Tanzania, tukavuka mto Songwe kuingia Karonga. Mnakumbuka sehemu ya mwisho kabla ya mpaka? Ni Kyela. Kyela ni kakao kila upande, mkulima anapeleka mbegu kwenye AMCOS yake, zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, magunia yanaenda bandarini. Tulipita chini ya miti ile na njaa yetu, wengine hata hatukujua ni miti gani.

Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani moja, kwa sababu mavuno yalikuwa mabaya Ivory Coast na Ghana, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani. Watu wa Ulaya walilia chokleti imepanda. Hatukusikia mtu anauliza kama mkulima wa Beni au wa Kyela amewahi kunywa hata kikombe kimoja. Baadhi yetu tumezaliwa katikati ya kakao na tumeionja mara ya kwanza hapa Malawi, watu wazima na ndevu zetu. Hiyo ndiyo aibu, wandugu. Kikombe cha mtoto hakina aibu yoyote.

Tuje kwenye pesa, maana kuna wanaosema ni ghali. Hao wanafikiria zile pakiti zenye picha ya kikombe na povu. Geuza pakiti usome nyuma: mara nyingi kitu cha kwanza kilichoandikwa ni sukari. Unalipa bei ya chokleti unanunua sukari. Wenzetu waliokuwa wanauza chai na mandasi Area 18, kabla ya ile amri ya 2023 ya kurudisha wakimbizi wote kambini, walitufundisha hesabu nyingine. Nunua kopo la kakao tupu, isiyo na sukari. Kopo la gramu 250, ukitumia kijiko cha chai kimoja kwa kikombe, linatoa vikombe zaidi ya 50. Tunachanga sisi wenyewe, kila mtu kidogo. Hakuna senti ya rasheni ya mtu iliyoingia humo.

Tunapika namna nne, na hakuna siri:

Ya maji na tangawizi. Hii ndiyo rahisi. Kakao na sukari unazikoroga kwanza na maji baridi kidogo mpaka ziwe uji mzito, ndiyo umimine maji yanayochemka. Ukitupa kakao moja kwa moja kwenye maji ya moto inafanya madonge. Ponda tangawizi, tia na chumvi kidogo sana, utashangaa ladha inavyofunguka.

Ya karanga. Hapa Wamalawi wana nsinjiro, karanga zilizosagwa, sokoni zipo. Vijiko viwili kwa kikombe, moto mdogo, koroga bila kuacha maana inashika chini. Watoto wanaigombania hii.

Ya unga wa mahindi. Mtu atacheka, ati huo ni uji. Ndiyo, ni uji wa kakao. Watu wa Mexico walichanganya kakao na mahindi karne nyingi kabla Mzungu yeyote hajaiona, na mpaka leo wanaunywa, wanauita champurrado. Unga koroga na maji baridi, pika dakika kumi, kakao inafuata. Siku rasheni imechelewa, hii ndiyo inayotuokoa.

Ya mbegu zenyewe. Mwenzetu mmoja alipata mfuko mdogo wa mbegu kutoka Kyela. Mama mmoja wa Oicha akasogea, akasema leteni hapa. Akazikaanga kwenye sufuria kavu juu ya mbaula mpaka maganda yakapasuka, akayamenya, akapepeta kwenye ungo, akatwanga zikiwa bado na moto. Zikawa laini kama siagi, maana karibu nusu ya mbegu ni mafuta. Kipande kidogo kwenye maji ya moto, basi. Yule mama amelima kakao miaka yote na siku ile ndiyo alijipikia.

Kuna swali moja tunaloliheshimu: pesa hiyo si ingenunua unga? Kwa nyumba isiyo na unga kabisa, ndiyo, unga kwanza, na watoto wa nyumba hizo tunawajua na huwa tunachanga pia kwa ajili yao. Lakini gawanya kopo moja kwa watoto 50 uone kila nyumba ingepata unga kiasi gani. Haujai kiganja. Wakati kikombe kile kinamfanya mtoto akae saa moja na nusu na kitabu chake, jioni ambayo angekuwa ameshajifunika blanketi.

Na lile la mfadhili tulijibu waziwazi. Kama ni lazima watoto wetu watetemeke ili tuaminiwe kwamba tuna shida, basi hiyo shida tumeanza kuipika wenyewe. Kambi hii ilijengewa watu kama 10,000, leo tumepita 50,000. Hatuna ruhusa ya kutoka kwenda kutafuta kazi tunavyotaka. Mtu asiyeona shida katika hayo hataiona hata ukimwaga kakao yote chini. Wazee wetu, mtusamehe tukisema hivi, lakini woga huu mnaturithisha. Kiasi cha chakula chetu kinapangwa na wengine. Ladha ya kikombe tulichokichangia sisi tuachiwe sisi.

Kwa hiyo Jumamosi tutaomba mambo matatu. Kikombe kiendelee mpaka mwisho wa mwezi wa nane, baridi ipite. Picha za watoto zisirushwe mtandaoni bila mzazi kukubali, kwa sababu fujo yote ilianzia hapo. Na kila zoni, Kawale, Lisungwi, Katubza, kila mtu, ituletee kidogo: makaa, karanga, au mtu mmoja wa kukoroga.

Mwenye kupinga aje pia. Tutakuwa tumeweka sufuria ya karanga motoni kabla ya kikao kuanza. Njoo na kikombe chako, kunywa kwanza, halafu uinue mkono useme ni anasa.